Maongezi na Mjomba: Kidole Kinene, Herufi Nyembamba



Juma hili sitaongea habari za mahari wala za ulevi, ingawa barua zenu juu ya mambo hayo zingali zinaningoja mezani. Juma hili nataka tuongee habari za kidole. Naam, kidole hiki hiki cha shahada, na kioo cha simu. Usicheke. Kwa ajili ya kidole kimoja dada yangu amepoteza mbuzi.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu ni mjane, anakaa kijijini, na mwanawe wa kwanza alikwenda mjini kutafuta kazi. Miezi mitatu kijana hakupata kitu. Asubuhi moja mama yake alipokea ujumbe katika simu: "Mama nimepata jela. Usiwe na wasiwasi. Nitapiga jioni."

Je, wewe mama unayesoma hapa, ungekaa bila wasiwasi? Dada yangu alipiga yowe. Majirani wakaja mbio. Wakajaribu kumpigia kijana, simu haipatikani. Akina mama wa jumuiya wakaanza rozari, na wazee wakaanza kutaja habari za dhamana. Kabla jua halijafika utosini, dada yangu alikuwa amekwisha kumwuza mbuzi wake mwenye mimba kwa mchuuzi mpita njia, kwa bei ya kutupa, ili apate nauli na fedha ya kumtoa mtoto.

Jioni kijana akapiga simu, sauti yake imejaa furaha. "Mama, umeuona ujumbe wangu? Nimepata hela! Nimelipwa mshahara wa kwanza!"

Hela, siyo jela. Itazame kibodi ya simu, yaani ule ubao wa herufi unaotokea chini ya kioo. Utaona kwamba H na J zimekaa bega kwa bega. Kidole cha kijana kilielemea kulia kidogo tu, na hela ikawa jela. Mchuuzi alikuwa amekwenda zake, na mbuzi hakurudi.

Nilipokwenda kumpa pole, dada yangu aliniuliza: "Kaka, watu husema simu hizi zina akili. Mbona haikujua mwanangu alitaka kusema nini?"

Ndugu zangu, swali hilo ni zuri. Tena si la kuchezea, maana siku hizi kwa kioo kile kile tunaandikiana habari za misiba, tunatuma ada ya shule na tunalipa dawa. Basi nimeuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

KIDOLE SI KALAMU

Chukua rula ya mtoto wa shule upime. Kioo cha simu ya kugusa kina upana wa sentimeta 6 au 7 hivi. Katika mstari wa juu wa kibodi zimepangwa herufi 10. Gawanya mwenyewe: kila herufi yapata milimeta 6 au 7 tu. Sasa pima ncha ya kidole chako. Kwa mtu mzima yapita sentimeta 1, na kwa mkono ulioshika jembe miaka 30 yazidi. Basi kila ukigusa herufi moja, nyama ya kidole yawalalia na jirani zake. Zaidi ya hayo, kidole chenyewe chafunika kile unachotaka kukiona. Ni sawa na kulenga shabaha na kuiziba kwa mkono.

Simu yenyewe yakijuaje kidole? Haikioni, wala haipimi uzito wake. Chini ya kioo umetandazwa wavu wa nyuzi nyembamba zipitishazo umeme, nazo zapenyeza mwanga hata jicho haliwezi kuziona. Katika nyuzi hizo mna umeme kidogo sana. Mwili wa mtu una maji na chumvi, kwa hiyo nao hupitisha umeme. Kidole kikikaribia, hali ya umeme katika sehemu ile ya wavu hubadilika kidogo, na simu hupima badiliko hilo mara nyingi katika kila sekunde. Ndiyo sababu ukigusa kwa kijiti kikavu hakuna jambo, na tone la mvua likianguka juu ya kioo simu huanza kuruka-ruka, watu wakasema imerogwa. Haikurogwa. Maji nayo hupitisha umeme, na simu imeshindwa kupambanua tone na kidole. Vile vile kidole chenye sugu ngumu na kavu mara nyingine hakisikiki vema.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1965 Mwingereza mmoja, E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha serikali cha utafiti wa rada huko Malvern, aliandika habari za kioo cha kugusa kitakachowafaa waongozaji wa ndege. Lakini leo tunaandika barua nzima juu ya kioo kinachoingia mfukoni, na hapo ndipo taabu ilipozidi.

Maana kidole hakiachi nukta, huacha doa, kama dole gumba lenye wino juu ya karatasi. Simu hutafuta katikati ya doa lile, ikasema, "Hapa ndipo alipogusa." Kumbe sivyo kila mara! Wataalamu wawili wa Potsdam, Ujerumani, Christian Holz na Patrick Baudisch, walichunguza jambo hili na kutoa habari zake mwaka 2011. Waligundua kwamba mtu hulenga kwa kutazama upande wa juu wa kidole, pale penye ukucha, lakini simu hupima upande wa chini, pale penye nyama. Mwenye kidole na mwenye kupima hawatazami mahali pamoja.

Mwaka huo huo wataalamu wengine wa Ujerumani walieleza walivyotoa mchezo mdogo wa kuchezea katika simu, wakakusanya migusio zaidi ya milioni 100 kutoka kwa wachezaji. Waliona kwamba migusio haitawanyiki ovyo kama mtama uliomwagika. Ina mwelekeo wake. Na kosa lenye mwelekeo laweza kusahihishwa, kama vile fundi ajuaye kwamba mizani yake huzidisha kidogo. Kwa hiyo programu ya simu yaweza kusogeza alama ya mguso kidogo, ili iikaribie nia ya mgusaji.

MASHAHIDI WAWILI

Lakini kusogeza peke yake hakutoshi. Ikiwa doa limeangukia mpakani, nusu H na nusu J, simu itaamua nini?

Fikiri jambo hili. Umesimama shambani, na mke wako anakuita kutoka ng'ambo ya bonde. Upepo umechukua nusu ya maneno. Umesikia "...oo... u... la!" Je, utasema hukusikia neno? Sivyo. Wajua ni saa saba mchana, wajua moshi umeonekana jikoni tangu saa tano, wajua desturi ya mke wako. Basi unaweka jembe chini unakwenda kula. Umetumia mashahidi wawili. Wa kwanza ni sikio, lililosikia kidogo. Wa pili ni mazoea, yaani yale ambayo mtu yule husema kwa kawaida saa kama ile.

Na simu hufanya vivyo hivyo. Shahidi wa kwanza ni doa la kidole: je, limeangukia karibu na herufi gani? Shahidi wa pili ni kamusi na mazoea ya lugha: je, ni maneno gani yaliyopo, na ni lipi hufuata lipi mara nyingi? Ken Kocienda, fundi wa Marekani aliyetengeneza kibodi ya simu ya iPhone iliyotoka mwaka 2007, ameandika kitabu mwaka 2018 akieleza kazi hiyo. Programu yake haikutazama herufi iliyoguswa tu, bali na jirani zake pia, ikajaribu kuziunganisha mpaka ipate neno lililomo katika kamusi. Hivyo mtu aliweza kukosea herufi mbili tatu, na neno likatoka sawa.

Basi sasa naweza kumjibu dada yangu. Simu ya mwanawe haikujua kwa sababu shahidi wa pili alikuwa dhaifu. "Hela" ni neno, na "jela" ni neno. Mtu aweza kupata hela, na mtu aweza kupata jela. Kamusi haikuona kosa lo lote, na simu haijui habari za mama anayengoja kijijini. Kama kijana angegusa vibaya akaandika "hels", huenda ingesahihisha. Kosa lililovaa nguo za neno zima hupita mlangoni bila kuulizwa.

Na kuna ubaya mwingine. Wengi wetu simu zetu zimewekwa kibodi ya Kiingereza. Hapo shahidi wa pili ni mgeni asiyejua lugha ya nyumba hii. Unaandika Kiswahili safi, naye ayageuza maneno yako kuwa ya Kiingereza, akidhani anakusaidia. Usimlaumu mtoto wako kwamba shule haikumfundisha kuandika kabla hujatazama kibodi yake.

SHAHIDI ASIYEKUWAPO

Sasa sikilizeni vema, wazazi, maana hapa ndipo penye hatari.

Katika maneno simu inaye shahidi wa pili. Katika namba hanaye kabisa. Baada ya "nimepata" si kila neno laweza kufuata. Lakini katika namba ya simu, baada ya 5 yaweza kufuata 2, au 8, au 0, na zote ni sawa. Hakuna kamusi ya namba za watu. Ukigusa 8 badala ya 5, simu haina njia ya kusema, "Mzee, nadhani ulitaka 5." Yapokea tu. Ile akili iliyokusahihisha katika salamu hukuacha peke yako katika fedha.

Nasema haya kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe. Mwaka jana binti yetu aliye shule ya bweni aliugua, nami nikataka kumtumia mwalimu wake mlezi shilingi 60,000 za matibabu. Ilikuwa usiku, miwani nimeiacha chumbani. Badala ya 5 kidole kikaangukia 8, iliyo chini yake. Jina la mpokeaji lilitokea kabla sijaweka namba ya siri, lakini kwa haraka yangu sikulisoma. Nikathibitisha. Ujumbe uliporudi, mke wangu akausoma kwa sauti: jina la mwanamke tusiyemjua kabisa.

Nikampigia, simu imezimwa. Nikatoa taarifa kwa mtandao, nikaambiwa nisubiri. Siku mbili nzima nilikaa nikimtukana mama yule mbele ya watoto wangu. Nilimwita mwizi. Nilisema, "Amezima simu makusudi, anakula fedha ya mgonjwa."

Siku ya tatu simu ikalia. "Shikamoo baba. Kuna hela yako hapa kwangu. Nilikuwa shambani, simu haina chaji, jana ndipo nimepata mahali pa kuchaji. Nieleze nikurudishie vipi." Na ikarudi yote, shilingi 60,000.

Wasomaji wangu, niliona haya. Ilinipasa kuwaita watoto tena, nikafuta maneno yangu mbele yao, na Jumamosi nikaenda kuungama. Katika mambo yote ya siku zile mbili, yule mwanamke alishika Amri ya Saba, na mimi nikavunja ya Nane.

YA KUFANYA

Kwanza, safisha. Kausha mikono na ufute kioo kabla ya kuandika, khasa ukitoka kuosha vyombo au kunyeshewa. Kidole chenye sugu kisiposikika, jaribu kingine.

Pili, tuliza chombo. Ukiweza weka simu mezani, uandike kwa kidole kimoja. Mkono unaotetemeka na gari linalorukaruka ni marafiki wa makosa. Ukiilaza simu ubavu, katika simu nyingi kibodi hupanuka na herufi zapata nafasi. Mwambie kijana akuonyeshe pia mahali pa kukuza maandishi.

Tatu, ukijiona umegusa kitufe kisicho chako, usiinue kidole! Mwaka 1988 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walilinganisha namna mbalimbali za kupokea mguso, wakaona makosa hupungua ikiwa chombo hungoja mpaka kidole kiinuliwe. Simu za leo hufanya hivyo kwa vitufe vingi. Basi kitelezeshe kidole mpaka mahali patupu, ndipo ukiinue. Mara nyingi hakuna kitakachotokea. Watoto wetu hulijua jambo hili bila kufundishwa, sisi wakubwa huinua kidole kwa hofu, na kumbe kuinua ndiko kuthibitisha.

Nne, weka kibodi ya Kiswahili. Simu nyingi za sasa zinayo. Hapo shahidi wa pili atakuwa mtu wa nyumbani.

Tano, soma kabla ya kutuma. Habari ya ugonjwa, ya msiba au ya fedha isomwe mara mbili. Kama habari ni nzito, piga simu au tuma sauti yako.

Sita, fedha. Namba unayoitumia mara kwa mara ihifadhi pamoja na jina, usiiguse upya kila siku. Namba mpya isomwe na mtu wa pili kwa sauti, tarakimu mbili mbili. Jina la mpokeaji likitokea, vaa miwani ulisome. Likiwa si lenyewe, simama hapo hapo. Ukiisha kukosea, usifute ujumbe wa muamala, bali wapigie mara moja huduma kwa wateja wa mtandao wako, maana fedha ikisha kutolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Namba yako ya siri usimpe mtu ye yote, hata akijiita msaidizi.

Saba, ukipokea fedha isiyo yako, si bahati yako, ni mali ya mtu. Huenda ni dawa ya mtoto. Irudishe. Lakini angalieni, matapeli nao hutumia mlango huu. Hutuma ujumbe wa uongo, kisha hupiga wakilia, "Nimekosea, nirudishie." Kwanza tazama salio lako kama kweli limeongezeka. Kisha urudishe kwa kupitia mtandao wenyewe, usiitume kwa namba nyingine unayotajiwa. Wema bila macho humnenepesha mwizi.

NENO LA MWISHO

Dada yangu alipokwisha kunisikiliza, alisema, "Basi simu ina huruma kuliko watu. Mtu akigusa vibaya, yenyewe hujiuliza kwanza alitaka nini."

Sitasema simu ina huruma, chuma hakina moyo. Lakini neno lake limekaa nami. Mafundi wale walijua kwamba mtu hukosea, tena hukosea kila siku, wakatengeneza chombo kisichohukumu kwa doa peke yake. Huuliza na shahidi wa pili. Mimi kwa yule mama wa shambani nilihukumu kwa shahidi mmoja tu, simu iliyozimwa. Sikumwita wa pili. Nyumbani mwetu mara ngapi mke anasema neno limetoka vibaya, au mtoto anajibu kwa sauti iliyopanda, nasi twalishika doa lile tu, twasahau miaka yote tuliyoishi naye?

Basi mwenye kupokea neno, na afikiri mema kwanza. Na mwenye kutuma fedha, na avae miwani.

Nanyi mnaotaka kujua mwisho wa habari ya mbuzi: kwa mshahara wa pili kijana alimnunulia mama yake mbuzi mwingine. Na siku hizi akiandika habari ya namna ile haandiki tena "hela". Huandika "fedha".

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Mjomba wenu